Nilifunga Upande wa Windows, Akapitia Makintoshi

Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Mlabani, Ifakara. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki kuambiwa nisamehe... Nimeshaambiwa vya kutosha!

Nilikuwa mtunza takwimu katika mradi mmoja wa utafiti wa mpunga. Ofisi ilikuwa na kompyuta za aina mbili: sisi Windows, wazungu na sekretari wao Makintoshi. Hazikuelewana kabisa. Kila faili ilibebwa kwa disketi, na ikifika upande wa pili mara nyingi haifunguki.

Mimi ndiye niliyezipatanisha. Niliandaa seva moja yenye protokali mbili, yaani taratibu mbili za kuzungumza na mashine, moja ya Windows na moja ya Makintoshi. Folda ni ileile, milango miwili. Nilijivuna! Hata disketi zangu za akiba nikazifuta.

Sekretari mwenyewe aliitwa Sesilia. Alitoka Mlimba, hana ndugu mjini, nikamkaribisha chumbani kwangu. Kila asubuhi shikamoo dada, tunakula sahani moja. Akanibembeleza upande wake nisiweke paswedi, eti yeye msahaulifu. Ningemkatalia vipi mtu ninayelala naye chumba kimoja? Nikaweka kwenye Windows tu.

Ndipo mradi ukatangaza nafasi moja ya masomo ng'ambo, kwa mfanyakazi atakayeandika ripoti bora. Yangu ilihusu mbegu zinazovumilia mafuriko. Nilizifuata Malinyi kwa mtumbwi, nikalala kwenye maboma ya Wasukuma, nikaugua malaria... Nafasi ile ilikuwa maisha yangu!

Siku ya kukabidhi nikafungua folda. Tupu! Ripoti yangu ilikuwa mezani kwa mkuu wa mradi, imechapwa vizuri, juu yake jina la Sesilia.

Nililia. Nikamvuta mkuu mpaka kwenye Makintoshi, nikamwonyesha jinsi mtu anavyoingia, ananakili na kufuta bila kuulizwa chochote. Akauliza ni nani aliyeacha upande huo wazi. Kabla sijafungua mdomo, Sesilia akajibu taratibu:

"Ni dada mwenyewe. Mimi nilimkataza."

Eti alinikataza! Mkuu akasema kama kulikuwa wazi basi yeyote angeweza kufuta, na kwa kuwa sina nakala ya kuonyesha ripoti ni yangu, nisimsingizie mwenzangu. Sesilia akapanda ndege. Mkataba wangu ulipoisha hawakuniongezea, na sasa nauza mchele stesheni ya Mlimba, kwao huyohuyo.

Juzi akashuka kwenye treni, amenawiri. Akanifuata mbele ya wateja wangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo dada."

Watu wakanitazama, wakingoja niitikie. Nikaendelea kupima mchele.

Jamani wasomaji, ninyi mnaoanza kuunganishiwa kompyuta maofisini, msifunge upande mmoja mkaridhika. Fungeni na ule anaopitia mtu mnayekula naye, akinuna anune! Mimi nilimwonea haya Sesilia, ona nilipo... Aniamkie mpaka magoti yachubuke. Marahaba yangu hataipata.