Mgeni wa Stuli ya Mwisho

Dada mtu alipoingia katika nyumba ya bia ya mdogo wake, saa tisa alasiri, begi begani na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa glasi inayopungua yenyewe. Ilikuwa mwisho wa kaunta, upande wa ukutani, mbele ya stuli isiyo na mtu. Bia ndani yake ilikuwa nyeusi, povu bado bichi. Ikashuka upana wa kidole, ikatulia, ikashuka tena. Akajiambia labda glasi ina ufa. Akasogea, akapitisha kiganja juu ya kaunta pale chini yake, na mbao zilikuwa kavu.

Alikuwa fundi cherehani wa miaka thelathini kazini, mwenye jicho la kuona uzi uliolegea kwenye pindo la mtu anayepita ng'ambo ya barabara, kwa hiyo si mtu wa kudanganywa na glasi. Ila aliyemleta hapa ni mdogo wake, glasi ingesubiri.

Wiki ile alikuwa amemwandikia kwamba anakuja kumtembelea, naye aonje hizo bia zinazosifiwa mpaka miji ya jirani. Jibu lilikuja neno moja tu: Usije. Sasa huyu ni mtoto aliyemlea kwa mikono yake tangu mama yao alipofariki, yeye dada akiwa na miaka kumi na sita na mtoto ana minne. Hajawahi kumwambia dada yake usije hata alipokuwa na surua. Alilisoma lile neno mara tatu, akafunika cherehani, akapanga begi.

Mji mzima ulimwita mdogo wake Povu, maana ukimuuliza habari ya povu la bia alikuwa anaweza kukueleza nusu saa nzima huku bia yako inapoa mkononi, au tuseme inapata joto. Alikuwa mnene wa kupendeza, mcheshi, na alipika kila tone mwenyewe kwenye chumba cha nyuma. Majina ya bia aliyaandika kwa chaki ubaoni: Chungu ya Mjomba, Nyekundu ya Jumamosi, Nyeusi Isiyo na Haraka. Ndivyo dada alivyomkumbuka. Mtu aliyesimama nyuma ya kaunta siku ile alikuwa na shati la Povu, lakini ndani ya shati hakukuwa na mtu wa kutosha. Mifupa ya shingo ilikuwa nje, midomo imepasuka, na kila baada ya maneno mawili alichota maji kwenye ndoo iliyokuwa miguuni pake, akanywa kikombe kizima, kisha akachota tena.

"Nilikuandikia usije," alisema.

"Na mimi nimekuja. Umekula lini?"

Macho yake yalikuwa kwenye ile glasi. Ilipobaki na kidole kimoja, aliharakisha kuijaza, akairudisha kwa mikono miwili kama mtu anayemhudumia mkubwa wake wa kazi.

Hapo ndipo dada alipotambua kwamba baa ilikuwa kimya. Wateja wanane walikuwa wamebanana kwenye meza mbili za mlangoni, magoti kwa magoti, na nusu nzima ya chumba kuelekea ukutani ilikuwa tupu. Hakuna aliyecheka. Harufu ya kimea cha shayiri, tamu kama mkate wa moto, ilikuwa imejaa, lakini chini yake ilipita harufu nyingine, ya chumba kilichofungwa miaka mingi na nguo za mtu zikiwa bado zinaning'inia. Hakuipenda hata kidogo. Na kwa kuwa akiogopa huwa mkaidi, alikwenda moja kwa moja akaweka begi lake juu ya ile stuli ya mwisho.

"Dada, liondoe hilo," kinyozi wa mtaani alisema kutoka mezani, kwa sauti ya chini sana.

Kabla hajauliza kwa nini, begi lilianza kusogea. Halikurushwa. Lilisukumwa taratibu, kwa adabu, mpaka ukingoni, likaanguka sakafuni. Kisha katika kile kimya watu wote wakasikia funda moja la mtu anayemeza, na bia ikashuka.

Povu alimshika mkono akamvuta chumba cha nyuma, kati ya masufuria makubwa ya chuma na magunia ya kimea, yalipolala mapipa matano ya mbao. Alimweleza kwa kunong'ona, akisimama kila mara kunywa maji. Wiki saba zilizopita alikuwa akikagua pipa la tano, lililokuwa jipya. Mpika bia hugonga pipa kwa kifundo cha kidole, toka chini kwenda juu, asikie bia imefika wapi: penye bia mlio ni mzito, penye hewa mlio ni mwepesi. Aligonga mara tatu pale juu, penye hewa. Na pale pale, kutoka ndani, akagongewa mara tatu.

"Ukasema nini?" dada aliuliza, ingawa moyo wake ulishajua.

"Miaka kumi na mbili nauza bia, Dada. Mtu akigonga nasema neno moja. Lilitoka lenyewe. Nikasema, karibu."

Kesho yake glasi ya stuli ya mwisho ikaanza kushuka. Mwanzoni alidhani akili imemchezea. Baadaye aligundua kwamba akichelewa kuijaza, kitu kinaanza kutembea huku na huku nyuma ya kaunta, kikimpumulia shingoni. Na baadaye zaidi akagundua jambo lililo baya kuliko yote.

"Inayokwenda si bia," alisema. "Wiki saba glasi yake naijaza kutoka pipa lile, na halijashuka hata inchi. Anakunywa bia, lakini anayepungua ni mimi."

Dada alimshika mashavu. Ngozi ilikuwa kavu kama gome, na ilimuuma rohoni, maana mashavu haya aliyaosha yeye. Akasema basi la saa kumi na moja lipo, wanaondoka wote, baa na ibaki na mgeni wake. Povu alitikisa kichwa akasema hawezi kumwacha mgeni peke yake. Dada hakuwa na muda wa mjadala. Alimshika kiwiko, akampitisha mbele ya wateja mpaka kizingitini, na mguu wa kwanza wa Povu ulipogusa barabara midomo yake ilichanika ikatoa damu, ulimi ukavimba, akaanguka pale pale mchana kweupe akihema kama samaki. Ilibidi kinyozi amshike miguu na dada amshike mabega ili kumrudisha ndani. Kwenye kaunta, glasi ilikuwa imekwisha yote kwa mkupuo.

Kinyozi ndiye aliyesema kwamba kama kuna anayejua mambo ya mapipa, basi ni yule aliyeyatengeneza, na karakana yake iko ng'ambo ya barabara. Dada alikwenda mbio. Fundi wa mapipa alikuwa mama mmoja mpana wa mabega na mwenye sauti ndogo, alikuwa akipiga pete ya chuma kwenye pipa, na aliposikiliza habari yote aliweka nyundo chini polepole.

"Mimi si mganga, mwenzangu, mimi napinda mbao," alisema. "Ila baba yangu alipokuwa akinifundisha kazi alinikataza kujibu pipa. Ndani ya kitu kitupu kinachofungwa hukosi mtu anayetafuta mahali pa kukaa. Mdogo wako hakumwita, alimkaribisha, na aliyekaribishwa huwa hafukuzwi kwa maji wala kwa moshi. Anaagwa. Tangu siku ile, huyo Povu amewahi kufunga baa?"

Hakuwahi. Na hata kabla ya hapo, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mjini: hafungi mpaka mteja wa mwisho ainuke kwa hiari yake. Kwa wiki saba alikuwa akilala sakafuni kando ya kaunta, taa inawaka, glasi imejaa.

Fundi alisema basi afunge, kama baa zote zinavyofungwa. Stuli zipandishwe juu ya meza, glasi ifudikizwe mdomo chini, na yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, aseme kwamba tunafunga. Kisha akamshika dada mkono. Alisema mgeni huyo atakapokubali kuondoka ataomba kusindikizwa, na hapo mtu yeyote asifungue mdomo, kwa sababu ustaarabu ni ule ule kwao na kwetu: msindikizaji harudi mpaka mgeni amwambie rudi. Na wa aina hiyo hasemi.

Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili walipoanza. Wateja walitoka mmoja mmoja bila kuaga, akabaki kinyozi mlangoni. Dada na fundi walipandisha stuli, zote isipokuwa moja. Povu alijisukuma mpaka mwisho wa kaunta, akaishika ile glasi iliyokuwa nusu, akaifudikiza juu ya mbao, bia ikamwagika. Chumba kikawa baridi. Akafungua kinywa, na hakuna kilichotoka. Akanywa maji, akajaribu tena, ukatoka mlio tu wa kitu kikavu. Dada alisimama nyuma yake akampapasa mgongo duara duara kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo na kikohozi, akimwambia sikioni, polepole, sema, mdogo wangu, sema.

"Tunafunga," Povu alisema.

Stuli ya mwisho ikasogea nyuma, mbao zikalia, na kitu kizito kikashuka kutoka juu yake. Ile harufu ya nguo za zamani ikawazunguka wote watatu, ikasimama. Na sauti ikaja, wala haikuwa ya kutisha, ilikuwa sauti ya mtu mzima mwenye heshima zake, aliyekula akashiba.

"Nashukuru kwa ukarimu. Nani atanisindikiza?"

Hakuna aliyejibu. Fundi alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja. Walihesabu pumzi, na sauti haikurudia, lakini ile glasi iliyofudikizwa ikaanza kuinuka upande mmoja, polepole, kwa ukingo wake, ikitaka kusimama tena wima kama glasi ya mtu aliyebadili mawazo akaamua kukaa, na Povu, aliyekuwa ameishiwa hata mate, Povu ambaye hakuwahi kumkatalia mteja kitu, alikuwa anafungua midomo yake iliyochanika, na dada yake aliona jinsi ulimi ulivyokwenda mahali pa kutamkia, akasikia mwanzo wa neno.

"Nita..."

"Nitakusindikiza mimi," dada alisema.

Glasi ikalala. Fundi alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyejichoma sindano. Dada aliogopa, asidanganyike mtu, aliogopa mpaka miguu ikawa ya mtu mwingine, lakini alijua amesema nini na kwa nini, na mlango ulipofunguka wenyewe alijitengeneza nguo, akatoka.

Yeye na mgeni walipita mbele ya kinyozi, aliyejibanza ukutani. Walikuwa wamefika katikati ya barabara aliposikia nyuma yake Povu akinywa, mafunda marefu, moja, mawili, matatu, kisha akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyekata kiu, na machozi yakamjaa dada machoni kwa furaha. Kisha ikaja sauti ya mdogo wake, nene, ya zamani, ikimwita Dada, Dada, na vishindo vya watu wanaomzuia mlangoni.

Hakugeuka. Mgeni alitembea kushoto kwake, hatua nzito zisizoinua vumbi, na alikuwa mzungumzaji mzuri, alimuuliza habari za kazi, za cherehani, za mama yao marehemu, naye akajibu moja baada ya nyingine kwa sababu ya malezi na kwa sababu aliogopa kunyamaza, wakapita duka la kinyozi, wakapita kinu cha nafaka kilichokwisha fungwa, wakapita nyumba ya mwisho ambapo mwanamke aliyekuwa akianua nguo alimsalimia yeye peke yake na kushangaa anaongea na nani, wakapita taa ya mwisho, uzio wa mwisho, pale ambapo mtu yeyote aliyefundishwa adabu angesimama, ampe mwenzake mkono na kumwambia rudi sasa, usije ukachelewa. Viatu vilikuwa vimemchubua. Mji ulikuwa haujulikani tena uko upande gani.

"Nadhani hapa panatosha," alisema.

"Bado kidogo, dada," mgeni alisema, akamshika mkono.