Préfet Chini ya Gari

Ndugu wenye kusoma, mukae vizuri. Leo nitawasemea ugonjwa fulani wenye hauonekane ku laboratware na hauna dawa ku farmasi, lakini wagonjwa wake wamejaa hapa kwetu, ndani ya nyumba, ndani ya ofisi, hata ndani ya kanisa. Ni ugonjwa wa mutu mukubwa kuona haya ya kusema "sijui". Usicheke bado. Pengine uko nao.

Ilikuwa asubuhi ya Posho, Jumamosi yetu, hapa Butembo. Ukungu ulikuwa haujatoka ku miti ya kaliptusi. Mama Jokébed alikuwa anaanika maharagi juu ya kapo, kifuniko cha injini ya gari ya zamani, Pijo 404 ya bashe, ya kubeba mizigo nyuma, yenye ilikuwa inalala ndani ya lupango, kiwanja cha nyumba yao, tangu miaka kumi na munane. Kuku wawili walikuwa wanatagia mayai ku kiti cha dereva, na hakuna mutu aliwafukuza. Bwana yake, Gamaliel, alikuwa ku baraza na chai yake, anasoma barua ya mukwe wake na kusahihisha makosa kwa biki nyekundu. Miaka makumi tatu alikuwa préfet, mukuu wa shule ya sekondari. Sasa alikuwa amepumzika kazi, lakini ukimuita Gamaliel anachelewa kugeuka. Ukimuita Préfet, anageuka mara moja.

Mulango wa lupango ukafunguka. Ni Zorobabel, ndugu yake mudogo, aliingia na wanunuzi wawili wa mitraye, wale wenye kukata vyuma vya zamani na kuvipeleka mbali. Walikuwa na musumeno na mizani.

"Yaya, leo tunamaliza hii mambo," Zorobabel akamuambia kaka yake mukubwa. "Lupango ni yetu bote. Hapa nitajenga depo. Gari ya maiti haiwezi kukamata nafasi ya bazima."

Gamaliel akasimama na biki mukononi. Ile gari ilikuwa ya baba yao, muzee Kahongya. Ni yenyewe ilileta viazi na kabichi zetu, mashu, kutoka Masereka, na viazi na mashu vikasomesha watoto saba. Kila sikukuu ya mavuno, ni yenyewe ilikuwa inaingia ya kwanza ku uwanja wa kanisa, imebeba sadaka ya jamaa, honi inalia, wamama wanaimba nyuma yake.

"Hakuna mutu atakata gari ya Tata," akasema. "Nitaitengeneza."

"Nani ataitengeneza?"

"Mimi."

Zorobabel akacheka mpaka akashika tumbo. "Yaya, wewe ulizoea chaki! Hata mupira wa kinga, baiskeli yako, ulikuwa unatuma batoto ba masomo bakujazie upepo."

"Nipe mpaka sikukuu ya mavuno. Kama ile siku gari haifike ku kanisa kwa nguvu yake yenyewe, uikate."

Wakapeana mukono mbele ya Jokébed. Basi munajua sasa nini ilikuwa hatarini.

Hapa nisimame kidogo nimusifu huyu muzee, sababu mimi si mutu wa kusengenya tu. Kuanza kujifunza kazi mupya ku miaka makumi sita, ni wangapi wanaweza? Sisi watu wa Butembo tunajulikana kwa kazi, na Gamaliel alikuwa mutu wa kwetu kabisa. Kosa lake halikuwa kuanza. Mungojee.

Watu wakamuambia, kama unatafuta mwenye kujua zile Pijo, enda Beni, ku komine Ruwenzori, uulize Mama Hadjara. Huyu mama alikuwa mujane wa dereva mumoja wa biashara. Alipokuwa kijana alisafiri na bwana yake na kumupa funguo za kufungulia buloni chini ya gari, na siku moja ni bwana ndiye alianza kumupa yeye funguo. Gamaliel akamukuta chini ya hangari ya mabati, amefunga kitambaa vizuri ku kichwa, salopeti juu ya nguo, mikono myeusi kwa graisi ya gari.

Hadjara akamuonyesha Pijo ya zamani ya mutu mwengine, akamupa brosi ya chuma ya kukwangua kutu, nyundo ndogo na kipande cha chaki.

"Lala chini, Préfet. Gonga polepole. Kwenye chuma inalia, pita. Kwenye inanyamaza, iko imeoza, weka alama. Ile njo kazi yako ya mwezi wa kwanza."

"Na motere?"

"Motere iko na kelele, itajisemea yenyewe. Za chini njo hazisemake. Shasi yenye kubeba gari yote, fre zenye kuisimamisha, matuyo, mabomba ya mafuta ya fre. Zile njo zinauaka batu."

"Na rangi?"

"Rangi ni ya mwisho. Mwenye kuanzia ku rangi anatengeneza sanduku ya maiti."

Gamaliel akalala chini. Nawaambia ukweli, alipenda ile kazi! Alikuwa anagonga, anasikiliza, anaweka alama, na kila mara alipopata mahali pameoza alifurahi sawa vile amepata kosa ku dikte, imla ya mwanafunzi. Mugongo ulimuuma, lakini mangaribi alikuwa anampigia Jokébed simu na kumueleza kila tuyo kwa jina lake.

Ku siku ya tisa, mutu wa moto, wale wenye kubeba watu ku pikipiki, akasimama mbele ya hangari. Alikuwa Mathe, mwanafunzi wake wa zamani.

"Préfet? Ni weye? Mungu wangu! Préfet wetu amekuwa ed-mekanisie, mutoto wa garaji!" Akacheka kwa sauti, na watu wa barabara wakageuka.

Mathe hakuwa na roho mubaya. Alitaka hata kumununulia sukre ya kunywa, soda. Lakini Gamaliel akatoka chini ya gari haraka, akapanguza magoti, akasema: "Niko nasimamia tu. Niko naangalia kazi ya hawa."

Hadjara alisikia. Akaendelea kufunga buloni yake.

Kisha siku mbili kupita Gamaliel akaaga. "Mama Hadjara, aksanti. Nimeelewa yote."

"Yote?"

"Yote."

"Mimi niko na miaka makumi tatu ndani ya hii kazi na sijaelewa yote. Lakini, sawa. Mwenyezi Mungu akuongoze."

Akarudi Butembo. Miezi miwili alipigana na motere, akaifungua, akaisafisha, akaikosea, akaifunga upya. Siku moja ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka! Kuku wakaruka kupitia dirisha. Jokébed akapiga kelele ya furaha mpaka majirani wakaingia lupango na wakaanza kucheza. Ile heshima alistahili, hakuna mutu atamunyanganya.

Lakini kutokea ile siku watu walikuwa wanakuja kila mara kuangalia, na Gamaliel akaanza kutengeneza vyenye macho ya watu yanaona. Tundu za kutu akaziziba na mastiki. Juu akapaka rangi ya maziwa, nzuri ajabu. Chini, kwenye Hadjara alimufundisha kugonga, hakugonga. Akapitisha rangi nyeusi juu ya kutu, shasi na matuyo yote pamoja. Kamba ya fre ya mukono ilikuwa imekatika. Akaifunga na waya pahali hapaonekane.

Asubuhi moja Jokébed akaona udongo umelowa nyuma ya mupira wa kushoto.

"Papa Shalom," akaita bwana yake kwa jina la mutoto wao, "kuko kitu inatona huku."

"Ni maji."

"Maji haina mafuta. Kamata uone."

"Mama Shalom, tangu lini weye unajua gari?"

Gamaliel mwenyewe hakujua ile ni nini. Alikamata simu, akatafuta namba ya Hadjara, akaiangalia. Kumbe angeanza na neno gani? Alikuwa ameshasema ameelewa yote. Akarudisha simu ndani ya mufuko. Ndugu zangu, neno moja dogo hivi likamushinda mutu mwenye kusema Kifaransa cha kuandika vitabu!

Siku ya Mungu, Jumapili moja kabla ya sikukuu, akasimama ndani ya kanisa kutoa ushuhuda. "Wapendwa, gari ya muzee Kahongya imefufuka. Nimeitengeneza mimi mwenyewe, bila fundi." Watu wakapiga makofi, Haleluya ikajaa. Munajua desturi yetu, tunapenda kushukuru Mungu kwa sauti hata kabla kitu hakijamalizika.

Posho iliyofuata akaenda Masereka na Jokébed kuleta viazi vya sadaka. Gari ikapanda mulima bila shida. Wakapakia mifuko kumi na mbili, wakaanza kushuka. Ku kona ya pili Gamaliel akakanyaga fre. Pedali ikashuka mpaka chini, laini, hakuna kitu. Akakanyaga tena. Hakuna kitu. Akavuta fre ya mukono, ule waya ukakatika. Chini yao wamama watano walikuwa wanapanda na mizigo ku mugongo, wameinamisha vichwa, hawajaona.

"Yesu!" Jokébed akalia.

Gamaliel akageuza usukani kuelekea ukingo wa udongo. Ikaingia kwa kishindo. Viazi vikatawanyika barabara yote. Wale wamama walipona wote, Mungu asifiwe. Gamaliel alipona. Mukono wa kuume wa Jokébed ulivunjika mara mbili.

Wakakaa ku majani kungojea musaada. Jokébed alishika mukono wake, akamuangalia bwana yake.

"Ulijua?"

Gamaliel akajibu: "Nilijua kwamba sijui."

Jokébed akalia sana, na haikuwa sababu ya mukono tu.

Sikukuu ya mavuno ikafika bila gari. Gamaliel akasimama tena palepale alisimama Jumapili iliyopita. "Nilisema uongo hapa. Kuna fundi mwenye alianza kunifundisha, nikamukimbia, sababu niliona haya batu baniite mwanafunzi. Mukono wa bibi yangu ndio umelipa." Hakuna mwenye alijua aangalie wapi.

Kesho yake Zorobabel akaja na musumeno. Neno ni neno, walikuwa wamepeana mukono. Gamaliel mwenyewe akamuambia, "Kata." Lakini Jokébed akatoka ndani ya nyumba, mukono umefungwa plasta, akasimama mbele ya kapo iliyopondeka.

"Munapatana kama mimi siko hapa. Ni nani kati yenu ametoa mufupa wake juu ya hii gari? Haitakatwa. Papa Shalom, weye utarudi Beni. Utalala chini, na safari hii batu bote bakuone."

Zorobabel si mutu mubaya. Aliangalia ile plasta, akaweka musumeno chini, na juma iliyofuata ni yeye alitafuta lori ya kubeba Pijo mpaka Ruwenzori.

"Umerudi," Hadjara akasema.

"Nimerudi. Sijui kitu, Mama."

Akamupa brosi. Kazi ya kwanza ilikuwa kukwangua ile rangi yake nzuri ya maziwa, yote, kwa mikono yake. Chini yake kutu ilikuwa imeendelea kula. Ikamuchukua mwaka muzima. Aliuliza, akauliza tena, mpaka Hadjara akachoka: "Préfet, unauliza sawa mutoto wa darasa ya kwanza!" Na Mathe akapita tena na moto yake, akasimama, safari hii bila kucheka, sababu habari ya mukono ilikuwa imemufikia.

"Ile siku nilikudanganya," Gamaliel akamuambia kutoka chini ya gari. "Sikukuwa nasimamia. Nilikuwa najifunza. Hata sasa."

Mathe akachutama. "Basi nionyeshe, Préfet."

Mwaka uliofuata, asubuhi ya sikukuu, Pijo ilisimama juu ya ule mushuko wa Masereka, imejaa viazi. Gamaliel alikuwa amevaa koti ya kanisa. Akashuka, akatandika gunia ndani ya matope, akaingia chini mbele ya watu wote wa njia, akagusa kila tuyo kwa kidole. Akatoka na matope ku mabega. Jokébed akapanda, akafunga mulango mwenyewe kwa mukono wa kushoto, akasema: "Twende." Wakashuka polepole mpaka chini, na gari ikasimama kila pahali Gamaliel alitaka isimame.

Zorobabel ndiye alifungua mulango wa uwanja wa kanisa. Honi ikalia. Wazee wenye kukumbuka muzee Kahongya walitoa machozi. Mchungaji akauliza kwa mikro: "Préfet, nani ametengeneza?"

Gamaliel akaenda ku benchi ya wageni, kwenye mama mumoja wa Kiislamu alikuwa amekaa na kitambaa chake cha sikukuu, akamushika mukono, akamusimamisha.

"Huyu ndiye mwalimu wangu, Mama Hadjara wa Beni. Mimi ni mwanafunzi wake, mwaka wa pili."

Uwanja ukalipuka kwa makofi! Na mimi nilikuwa pale, nawaambia: miaka yote alikuwa préfet sikumuona amesimama mrefu vile.

FUNDISHO

Gari ilipona. Mukono wa Jokébed haukunyooka tena mpaka leo.

Mwenye kuficha ugonjwa, kilio kitamufunua. Munganga mwenye kuona haya ya kuuliza dawa, baba mwenye kuona haya ya kuuliza muke wake, mchungaji mwenye kuona haya ya kusema hakuelewa andiko, wote wanapaka rangi juu ya kutu, na ajali haichague ni nani amekaa pembeni yao. Kuuliza si ujinga. Mutu muzima mwenye kujifunza ana heshima mara mbili: ya umri wake, na ya uhodari wake.

Lakini sitawaacha wale wengine waende nyumbani wamefurahi. Wewe mwenye kucheka kwa sauti barabarani wakati mutu mukubwa anaanza kazi mupya, ule mukono na wewe ulisaidia kuuvunja.