Watu Arobaini Waliosimama

Kila Alhamisi darasa letu la sita lilikuwa na zamu ya kupika uji wa shule. Wasichana walichota maji, wavulana tulileta kuni, na kufikia saa moja asubuhi nusu pipa lilikuwa tayari juu ya mafiga. Mimi, Masele, nilikuwa kiranja wa zamu. Kazi yangu ilikuwa kusimama karibu na pipa na kujiona mkubwa, na kazi hiyo niliiweza sana.

Mwaka huo wa 1977 darasa letu lilikuwa na wanafunzi arobaini na mmoja na akili moja tu, nayo haikututosha. Maganga akicheka, tulicheka kabla ya kujua kilichomchekesha. Maganga akisema mwalimu fulani ni mchoyo, ilipofika mapumziko sote tulikuwa na ushahidi. Maganga mwenyewe hakuwa na lolote la ajabu. Alikuwa na sauti kubwa na baba mwenye baiskeli mpya, na kwa wapumbavu kama sisi hayo yalitosha.

Alhamisi moja, mwezi wa Juni, Mbuke ndiye aliyekoroga uji. Mbuke alikuwa binti wa mzee Maduhu, msichana mpole, na kwa hesabu hakuna aliyemfikia darasani. Ghafla aliachia mwiko, akakodoa macho, akaanguka. Mwili ulikakamaa na kutetemeka, povu likamtoka mdomoni, na mkono wake wa kushoto ukaangukia kwenye makaa.

Sisi wengine tulikuwa arobaini. Mwalimu wetu, Mwalimu Januari, alikuwa shambani kwenye pamba ya shule pamoja na darasa la saba. Tulisimama tukauzunguka moto kama watu wanaotazama ngoma. Kila mmoja alimtazama mwenzake aone atafanya nini, na kwa kuwa alimwona mwenzake amesimama, naye akasimama. Tulisikia harufu ya ngozi inayoungua. Bado tulisimama.

"Msimguse," Maganga akasema hatimaye. "Hicho ni kifafa. Atakayemgusa kitamwingia na yeye."

Tukashusha pumzi. Sasa tulikuwa na sababu.

Hapo ndipo alipotokea Paskazia wa darasa la nne, mtoto tuliyemcheka kila siku kwa kuchelewa kwake. Kwao kulikuwa mbali, naye alipitia kisimani kabla ya kuja shule. Alikuja na ndoo yake kwa upande wa nyuma wa jiko, ambako moshi ulikuwa mzito, kwa hiyo sisi hakutuona. Alimwona Mbuke. Akaitua ndoo, akamshika makwapani, akamvuta mbali na moto, akamlaza kiubavu na kuumiminia mkono ule maji yote. Alipomaliza ndipo akainua uso.

"Mbona mmesimama tu?" akauliza.

Wawili watatu walirudi nyuma, asije akawagusa.

Mwalimu Januari aliitwa kutoka shambani, akampeleka Mbuke zahanati kwa baiskeli, na sisi tukabaki kutunga maneno. Asubuhi ile hatukujua lolote kuhusu kifafa. Kufikia Jumatatu tulikuwa mabingwa. Mmoja alisema kinapitia kwenye mate, mwingine akasema kwenye kivuli, mwingine akasema ukoo mzima wa Maduhu una laana. Waliosimama karibu zaidi na moto ndio waliotunga mengi zaidi. Jirani yake Mbuke darasani alihamia dawati jingine, na tulimsifu kama mtu aliyeua simba.

Wazazi nao hawakutuzidi. Baba yangu, tukiwa nyumbani, alisema, "Huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Mjomba wangu alikuwa nao, na nimekula naye sahani moja miaka mingi." Siku ya mkutano wa shule mwenyekiti wa kamati akauliza, nani anataka Mbuke aache shule, abaki kwao? Baba akatazama kushoto, akatazama kulia, akanyoosha mkono. Njiani tukirudi nilimsikia akimwambia jirani kwamba moyoni hakupenda. Jirani akasema hata yeye hakupenda. Wote wawili walikuwa wamenyoosha mikono. Niliona haya kuwa nyuma yao.

Mwalimu Januari alikataa katakata kumfukuza mtoto kwa sababu ya ugonjwa. Lakini mzee Maduhu alikuwa amesikia yote, naye akasema lake: atamrudisha Mbuke shule mara moja tu. Akimkuta ametengwa, atamchukua, na shule itakuwa imekwisha.

Wiki ya tatu mwalimu alinituma zahanati nimpelekee Mbuke madaftari yake. Nilimkuta muuguzi, Mama Clemens, akimbadilishia bandeji.

"Shikamoo, Mama Clemens."

"Marahaba. Wewe si ndiye kiranja wa siku ile? Ulifanya nini mwenzako alipoanguka?"

"Maganga alisema tusimguse, mama."

"Alisema kabla hujasimama, au ulikuwa umekwisha kusimama?"

Nilitazama sakafu. "Nilikuwa nimekwisha kusimama."

"Basi mwache huyo Maganga. Ulisimama kwa sababu wenzako walisimama, na maneno yake mkayafanya shuka la kujifunika." Alifunga bandeji bila haraka. "Kifafa hakiambukizi. Nimewashika wagonjwa wake miaka kumi na mitano, kule kwetu Ushirombo na hapa. Mbuke akinywa vidonge vyake kila siku bila kuruka, huenda asianguke tena. Kinachoambukiza, mwanangu, ni huo ugonjwa wenu wa kutazamana."

Nilitamani kutoka, lakini Mbuke aliniita. "Masele, nafasi yangu darasani ipo?"

"Ipo," nikamjibu. Ilikuwapo kweli, na mahali pa jirani yake palikuwa patupu. Hilo sikumwambia. Njia nzima nilijidharau.

Jumatatu iliyofuata mzee Maduhu alimleta binti yake. Mbuke aliingia, mkono ukiwa kwenye bandeji, akakaa peke yake kwenye dawati lake. Baba yake alibaki mlangoni, kofia mkononi, akisubiri. Mwalimu Januari alisimama mbele, naye akisubiri. Baadaye nilielewa kwamba angeweza kutuamuru, ila alitaka kutuona tulivyo.

Tulifanya tulichokijua. Tulitazamana. Niliwaona wenzangu wakizungusha macho, kila mmoja akitafuta kwenye uso wa mwingine ruhusa ya kuwa mtu. Niliwachukia, na nilijua kwamba nami uso wangu ulikuwa hivyo hivyo. Mzee Maduhu akavaa kofia.

"Mbuke, mwanangu," akasema, "chukua madaftari, twende."

Mbuke alipoanza kuyakusanya, niliinuka. Ilikuwa safari ya hatua sita tu. Nikakaa kando yake, nikamwambia, "Nionyeshe lile zoezi la sehemu, mimi limenishinda." Akalifungua daftari kwa mkono wake mzima.

Msichana mmoja akahamia dawati la nyuma yetu. Wa pili akamfuata, kisha wa tatu, na punde wakawa wanasukumana kugombea kukaa karibu na Mbuke. Maganga naye akaja. "Mimi siku zote nilisema hakiambukizi," akatangaza, na wajinga kadhaa wakaitikia kwamba ni kweli, walimsikia.

Mzee Maduhu alivua kofia. Alimtazama binti yake kwa muda, akamshukuru mwalimu, akaondoka peke yake. Mbuke alimaliza shule nasi, na hakuanguka tena mbele yetu.

Lakini asubuhi ile Mwalimu Januari hakutusifu. Aliweka chaki mezani.

"Msijipigie makofi," alisema. "Paskazia alimwokoa Mbuke kwa sababu alimtazama aliyeanguka. Ninyi mlitazama waliosimama. Leo mmekuwa wema kwa sababu mmoja ametangulia. Mkiwa wengi, kila mtu ajiulize mwenyewe lililo sawa, kisha alifanye kabla hajageuza shingo. Sasa niambieni: kesho akitangulia mpumbavu, mtafanyaje?"

Tulikuwa tunatazamana, tuone nani ataanza.