Nguruwe Aliyekoswa Makaburini

Mimi nikimtazama mwanamume mara moja tu, namjua kama ni jasiri au mwoga, na sijawahi kukosea. Nilikosea kwa mume wangu wa kwanza, nikakosea kwa wa pili, nikakosea na kwa Falko Zierau, mwenye duka la miwani hapa Spandau. Ukiwatoa hao watatu, sijawahi.

Falko alikutana na Wiebke Harms stesheni, Jumamosi, watu wamebanana hata kujikuna huwezi. Falko alikuwa amevaa koti lake jeusi la heshima, mkononi kabeba boksi la keki. Mara kamba ya mbwa ikamzunguka miguu, akaenda chini kama gunia la viazi, na keki ikatua mbele ya pua ya mbwa. Mbwa hakungoja kukaribishwa.

"Motte! We mlafi wewe!" Aliyepaza sauti ni Wiebke, mwanamke mrefu, koti la kijani, buti zina matope, nywele nyekundu kazifunga kwa kamba ya kiatu. Mgongoni alikuwa na mfuko mrefu. "Pole, kaka. Umeumia?"

"Mimi mzima. Marehemu ni keki."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yangu. Leo siku yake ya kuzaliwa."

"Basi mwambie Motte ameisifia sana."

Falko alicheka akiwa bado kakaa sakafuni, watu wanamruka. Akauonyesha ule mfuko. "Umebeba gita?"

"Bunduki. Nguruwe mwitu wakiingia mitaani, jiji linaniita mimi. Unaogopa?"

"Mimi? Thubutu!"

Alikuwa anaogopa hata bata wa mtoni.

Lakini mapenzi hayaulizi miguu kama inatetemeka. Wiki haikuisha, simu zikaanza.

"Kipenzi, umekula?" Wiebke alimuuliza.

"Nimekula. Wewe uko wapi?"

"Kwenye bustani ya mtu, nimelala kifudifudi kwenye kabichi."

"Na mimi nampimia bibi miwani. Tubadilishane?"

"Wewe utalia, kabichi zangu zina siafu."

Majira yote ya baridi Falko alisomea leseni ya uwindaji, akafaulu. Wapenzi wengine hununuliana mikufu. Wiebke alimpeleka dukani wakachagua kiwambo cha sauti cha kufunga kwenye mdomo wa bunduki yake, kikaandikwa kwenye kadi yake ya kumiliki silaha kama sheria inavyotaka. "Ni kwa ajili ya masikio ya Motte na yangu," alisema, "na ya majirani waliolala. Mke akimwita mume asiitike, mwisho anatafuta wa kumwitikia."

Falko alishika hilo neno mke. Jumapili moja, ukingoni mwa mto Havel, akamwomba waoane. Wiebke akavuta soksi yake juu, akafunika kovu refu aliloachiwa na nguruwe aliyejeruhiwa, kutoka kifundoni hadi gotini.

"Niache nifikiri kwanza," akasema.

Tangu siku hiyo Falko alikuwa akiota ndoto moja tu: kovu lile, ila liko mguuni kwake.

Ikafika alfajiri ya Novemba. Nguruwe walikuwa wamefukua maua kwenye makaburi ya mtaani wiki nzima, wajane wanalia upya. Bwana Pagel, mtunza makaburi, mtu wa kusema kila alichokisikia kama kilivyo, aliwafungulia Wiebke na Falko lango akalifunga nyuma yao.

"Vibibi vyangu vitakuja na makopo yao ya maji kukishapambazuka," akasema. "Msiniachie mnyama humu."

Wiebke alimkalisha Falko nyuma ya jiwe la kaburi. "Piga kuelekea lile tuta la udongo tu, ndilo litakalozuia risasi, si kwingine. Usiponiona, ujue nipo." Kisha yeye na Motte wakamezwa na ukungu.

Falko akabaki na wafu. Kila jani lililodondoka lilikuwa na meno. Akasikia mkoromo, udongo unageuzwa, akaliona: dume zima, jeusi, mabega kama kochi, linatafuna mizizi ya maua ya mtu. Akafyatua.

Walioona sinema hudhani bunduki ya kiwambo hunong'ona. Hainong'oni. Inalia kama ubao ulioangushwa sakafuni. Ila haikuzibi masikio, na kwa kuwa haikuzibi, unasikia kinachofuata. Falko alisikia: pu! Kama ngumi kwenye godoro bichi. Risasi ilikuwa imeingia mwilini. Dume likaruka, likatokomea kwenye vichaka vizito nyuma ya makaburi ya kale.

Falko alijua kanuni: uliyemjeruhi, unamfuata. Humo humo kichakani, pua kwa pua.

Wiebke akatokea. "Vipi?"

"Nimekosa."

"Alikuwa amesimama wapi?"

Falko akanyoosha kidole kwenye bomba la maji, upande mwingine kabisa. Wiebke akaenda, akainama, akamulika majani kwa tochi. Hakuna unywele, hakuna tone. Akarudi, akamtazama Falko machoni.

"Una hakika, mpenzi?"

"Kabisa."

"Haya. Hata mimi hukosa. Twende tukanywe kahawa."

Kule kwenye duka la mikate, skonzi zilikuwa za moto, na Falko hakugusa hata moja.

"Huna kitu unataka kuniambia?" Wiebke akamuuliza, anapaka siagi taratibu.

"Kwamba nakupenda."

"Hilo naliona. Jingine?"

"Hakuna."

"Falko, mwoga naweza kuishi naye. Baba yangu alimkimbia jogoo, na tulimpenda hivyo hivyo. Mwongo ndiye simuwezi."

"Kwani nani mwongo?" akasema Falko, akaisukuma sahani kando.

Wiebke akamshusha Falko nyumbani, akambusu paji la uso, akaondoa gari.

Falko akaifungia bunduki kabatini, akakaa kitandani na buti zake. Akamkumbuka Bi Lüdtke, mteja wake, yule mwenye miwani minene kama vitako vya chupa. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtengenezea. Kila asubuhi humwagilia kaburi la mumewe, na kaburi lenyewe limepakana na vile vichaka. Nguruwe mwenye risasi mwilini hasubiri salamu. Falko akampigia Wiebke simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Nyumbani," Wiebke akajibu. "Nimeshavua buti, nataka kulala."

Nyuma ya sauti yake kulikuwa na njuga. Cheng, cheng, kisha kimya. Ile njuga Motte huvalishwa akiingia kichakani kufuata damu; mahali pengine havai.

"Mbona unanong'ona?"

"Jirani kalala. Nawe lala." Simu ikakatika.

Falko akasimama. Wiebke alikuwa peke yake na lile dume, kwa ajili ya uongo wa Falko! Akaruka juu ya baiskeli bila kofia wala bunduki, akakanyaga mpaka kifua kikawaka moto.

Langoni wajane walishajipanga na makopo yao, wamevaa mitandio mizuri, wamekasirika.

"Bibi zangu walizikwa humu, sikufungiwa lango," mmoja alikuwa akifoka. "Leo nafungiwa kwa ajili ya nguruwe?"

"Tulia, mama," Bwana Pagel akasema.

"Usiniite mama, nina umri wa dada yako!"

Bi Lüdtke alikuwa hapo hapo, mzima, ananusa hewa. Falko akashusha pumzi, kisha ikampanda tena. "Wiebke yuko ndani?"

"Yuko ndani, na mbwa tu," Pagel akajibu. "Ingia kama unaingia, nafunga."

Ndani ukungu ulikuwa bado. Njuga ililia mbali kushoto, ikanyamaza. Falko alitembea kwa ncha za vidole. Akamwona Wiebke amepiga goti, mgongo kwake, anaangalia damu kwenye jani. Motte alikuwa amepotelea mbele. Na nyuma ya Wiebke, chini ya ua wa miti, kulikuwa na jicho. Dume lilikuwa limezunguka likarudi kwenye nyayo zake lenyewe. Manyoya ya mgongo yamesimama.

Falko akaliona akilini lile kovu la mguuni. Akanyakua kopo la maji kaburini kwa mtu, akaligonga kwenye jiwe kwa nguvu zake zote.

"We nguruwe!" akapiga kelele. "Mimi hapa! Ni mimi niliyekupiga! Yeye hana kosa, mimi ndiye niliyedanganya!"

Nguruwe alimwelewa vizuri sana. Dume likamjia kama pikipiki isiyo na breki. Falko hajui alivyopanda. Alijikuta amemkumbatia malaika wa mawe shingoni, magoti yamefika kidevuni. Wiebke aligeuka, bunduki ikalia ule mlio wake wa ubao. Dume likapiga magoti chini ya malaika, likalala.

Huko langoni sauti ya mjane ikasikika: "Nani amebamiza mlango wa kanisa?"

Wiebke akavunja kitawi kama wawindaji wafanyavyo mnyama akianguka, akakichovya kwenye damu, akakiweka juu ya kofia yake, akamnyooshea Falko kule juu. "Heri ya mwindaji. Risasi ya kwanza ilikuwa yako, mnyama ni wako."

"Usinipe," Falko akasema, meno yanagongana. "Niliisikia risasi inaingia. Nikaogopa, nikakuonyesha bomba la maji."

"Nimekusikia ukimwambia nguruwe. Pokea."

Falko akateremka, akakipokea, akakikata katikati kama desturi, nusu akampa Wiebke, kwa kuwa ndiye aliyemfuata mnyama. Akabaki ameushika mkono wa Wiebke. "Na lile ulilosema utalifikiria?"

"Lipi?" Wiebke akageuza uso. "Sijalifikiria hata kidogo. Tena usivimbe kichwa ukadhani nilirudi kwa ajili yako. Mimi sikusikia risasi ikigonga popote. Nilisahau glavu tu, nikarudi kuzichukua."

Bwana Pagel alikuwa ameshafika, wajane nyuma yake kama vifaranga, wananyoosha shingo. Akajikuna kichwa.

"Glavu tena, Bi Harms? Si ulinipigia simu ukaniambia: 'Usifungue lango, mume wangu amejeruhi nguruwe na anaona haya kusema'?"

Wajane wakatazamana. Wiebke, uso mwekundu kuliko nywele zake, akainama haraka amfunge Motte kamba, na Motte alikuwa bado yuko vichakani.