Jina Lililoitwa Langoni

Sanduku lilifunguliwa Jumanne, tarehe tisa Septemba 2014, baada ya sala ya alasiri, na ndani mlikuwa na kitambaa kitupu.

Mama Kabira, kama wafanyakazi walivyomwita mamake bosi, alikikung'uta kitambaa mara mbili, kisha akakaa kitini. Mkufu na bangili zake za harusi zilikuwa zimekwenda. Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake kwenye kamba, mahali ulipokaa siku zote. Ijumaa familia yote ilikuwa inatarajiwa Jeddah kwenye harusi ya mjukuu wake, na dhahabu hiyo ndiyo aliyokusudia kuvaa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, kusini mwa Riyadh, ikipakana na Manfuha. Waliolala humo ni Mama Kabira, mwanawe Saad, mke wa Saad aliyeitwa Madam Hessa, binti yao Jawaher wa darasa la tano, na Zipporah, mfanyakazi wa nyumbani kutoka Kakamega. Dereva wao, Japheth, Mkenya pia, alikuwa na kichumba chake kando ya lango.

Saad hakusumbuka kumtafuta mwizi. Jumapili iliyotangulia wote walikwenda kumtembelea shangazi, Zipporah akabaki peke yake nyumbani. Kwa Saad, hapo hesabu iliisha. Alimnyang'anya simu akamfungia chumba cha kufulia.

"Alhamisi jioni tunapanda ndege," alisema. "Dhahabu isipoonekana kabla ya hapo, polisi watamchukua. Halas, basi."

Japheth alikuwa uani akiosha gari, akaona kila kitu. Kabla ya kuja Saudia alifanya kazi katika supamaketi moja ya Thika, akivaa nguo za kawaida na kujifanya mnunuzi, kumbe kazi yake ilikuwa kuwanasa wanaoficha siagi ndani ya makoti. Ukimwonea huruma kila mwenye siagi, mwisho wa mwezi huna kazi. Thika ilimwondolea nusu ya huruma yake, na Saudia ikaja kumalizia iliyobaki. Alimtazama Zipporah akisukumwa ndani na hakusikia kitu kifuani. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi kidogo. Akakamua kitambaa chake, akangoja mpaka magharibi, watu walipoingia kusali, kisha akaenda kusimama chini ya kidirisha cha chumba cha kufulia.

"Mama Hannah, umeichukua dhahabu?" alimuuliza Zipporah.

"Hata wewe, Japheth?"

"Nitauliza kila mtu. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye umefungiwa."

"Sijachukua. Nikienda jela, nani atamlipia Susan kodi? Hannah atarudishwa kijijini, kwa ile shule ya walimu watatu. Unajua kile chumba cha Eldoret nilikichagua nikiwa hapa hapa, kwa picha za simu? Choo ni cha ploti nzima. Sikuangalia choo. Niliangalia shule iko wapi."

Susan alikuwa dadake Zipporah, aliyekaa huko Eldoret na Hannah, binti ya Zipporah wa miaka tisa. Japheth alikuwa ameisikia habari ya chumba hicho mara nyingi, akaiacha ipite.

"Ufunguo hutoka shingoni mwa Mama Kabira lini?"

"Akioga tu. Na mimi ndiye humwogesha."

"Kila siku?"

"Isipokuwa ile Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa. Madam alinituma juu kwa paa nikaoshe mazulia, eti yeye atamwogesha. Nikashangaa sana. Nikasema labda Mungu amemgusa."

"Kulikuwa na mgeni?"

"Majid tu. Alikuwa amekaa sebuleni."

Majid alikuwa kakake Madam Hessa, kijana wa simu mpya na marashi mengi. Tangu shule zifunguliwe yeye ndiye aliyempeleka Jawaher na kumrudisha kwa gari lake jekundu, na Japheth akaambiwa asijisumbue.

"Kitu kingine," Zipporah alisema. "Siku hizi mtoto anarudi chakula kimeshapoa. Zamani alikuwa anafika saa sita na nusu. Sasa ni karibu saa nane."

Jumatano asubuhi Japheth alimkuta Majid langoni akingoja mtoto. Alimshuku. Nani asingemshuku, na ile simu?

"Ustadh Majid, samahani. Unafikiri dhahabu imekwenda wapi?"

Majid alicheka. "Kamuulize dada yako kule kwenye mashine ya kufua."

"Sawa. Na barabara ya shule, imefungwa? Mtoto anachelewa sana kurudi."

Kicheko kikakatika. "Wewe ni dereva au polisi? Kuna foleni!"

Shule ya Jawaher ilikuwa mtaa wa tatu kutoka nyumbani. Ungeweza kutupa jiwe likafika kabla ya foleni. Japheth aliinamisha kichwa kwa adabu, lakini alikuwa ameona alichotaka kuona. Kuhusu dhahabu mtu huyu alicheka, na kuhusu barabara alikasirika.

Alipokuwa akirudi chumbani kwake alikumbuka safari za Agosti. Wakati huo mwanamke hakuruhusiwa kuendesha, kwa hiyo Madam alikwenda alikopelekwa na dereva. Kwa wiki nzima Japheth alimzungusha kwenye milango ya shule za serikali za wasichana, za kusini na za kaskazini. Madam alishuka, akazungumza na walimu, akarudi garini akilinganisha peke yake kwa sauti. Ya mtaani kwao ilikuwa nyumba ya kupangishwa iliyogeuzwa shule. Darasa la tano lilikaa kwenye chumba kilichokuwa jiko, na sinki lilikuwa bado ukutani. Ya kaskazini ilikuwa na uwanja, maabara, na viyoyozi vilivyofanya kazi. Ila shule ya serikali huchukua watoto wa mtaa wake. Kama hukai hapo, rudi kwenu. Madam alimwomba mumewe wahamie huko, na Saad akajibu kwamba hataihama nyumba ya babake kwa sababu ya sinki. Japheth alisikia yote akiwa kwenye usukani, kama dereva anavyosikia mambo.

Jumatano hiyo hiyo alasiri alitumwa soko la Batha kununua masanduku ya safari. Huko akakutana na Dancan, dereva wa familia moja ya kaskazini, akila sambusa.

"Bro, mmehamia kwetu na hata huniambii?" Dancan alimtania.

"Tumehamia wapi?"

"Si mtoto wenu anasoma na wa bosi wangu? Kila saa sita mlinzi anaita kwa spika, 'Jawaher Saad!' Na anatokea huyo shemeji yenu wa gari jekundu. Tangu siku ya kwanza ya shule."

Japheth alinunua masanduku. Hakupunguziwa bei na hakuomba.

Alhamisi saa tano na nusu asubuhi alibisha mlango wa sebule. Saad alikuwa ameshika simu.

"Bosi, kabla hujawapigia polisi, nipe saa moja. Panda gari twende mahali. Nikiwa nimekosea, wanichukue pamoja na yeye."

Saad alitia simu mfukoni. Labda alichoka, labda alitaka kujua. Akapanda.

Walivuka jiji kuelekea kaskazini. Mbele ya lango la shule ya kaskazini madereva walikuwa wamepanga magari, na mlinzi mzee alikuwa akipokea jina kwa kila aliyefika na kulisema kwenye spika, ili msichana atoke aende kwenye gari lake. Gari jekundu lilikuwa la nne kutoka mbele.

"Jawaher Saad! Jawaher Saad!"

Mtoto alitoka mbio na mkoba wake mgongoni, akicheka na mwenzake. Saad hakushuka.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Anasoma, bosi. Tangu siku ya kwanza. Na hapa hawamchukui mtoto asiye na nyumba mtaani."

"Sina nyumba hapa."

"Unayo," Japheth alisema. "Ililipwa kwa ile dhahabu, kabla ya shule kufunguliwa. Dhahabu haikupotea Jumapili iliyopita. Ilipotea ile Jumamosi Zipporah alipokuwa juu ya paa na Madam akimwogesha mama. Majid alikuwa sebuleni akiingoja."

Japheth alishuka, akamleta mtoto garini. Nyumbani, Madam Hessa aliwaona wakiingia pamoja na mtoto, akaelewa. Hakujaribu hata kukana.

"Majid aliiuza," alisema. "Nimepanga vyumba viwili. Hakai mtu, nimeweka pazia tu dirishani, shule wakija kuangalia waone pana watu. Nilisomea jikoni mle mle, Saad. Nilikaa chini ya sinki lile lile, maji yakidondoka kwenye daftari. Nilikuomba tuhame ukanicheka."

"Na Zipporah?" Japheth aliuliza. Hakuwa amepanga kuuliza.

Madam alitazama zulia. "Nilidhani watamrudisha kwao tu. Wao hupata nyumba nyingine."

Mama Kabira, ambaye hakuwahi kuingia darasani maishani mwake, alimvuta Jawaher karibu.

"Huko unasomea jikoni?"

"Hapana, bibi. Kuna madirisha."

"Basi asome," bibi kizee alisema. Akavua ile kamba yenye ufunguo, akaiweka mezani, na alipokwenda Jeddah alihudhuria harusi shingo tupu.

Saad mwenyewe ndiye aliyefungua chumba cha kufulia. Alimrudishia Zipporah simu yake na kumwambia, "Yalla, haya, tengeneza chai." Zipporah akatengeneza chai. Hakuna aliyemwomba msamaha. Japheth alikunywa kikombe chake kikiwa cha moto mno, akaungua ulimi, na akashukuru kusikia kitu.

Mwezi uliofuata familia ilihamia kaskazini. Walisema vyumba ni viwili tu, mfanyakazi hana pa kulala. Japheth aliona sababu nyingine, kwamba Madam hakuweza tena kupokea kikombe mkononi mwa Zipporah bila kuangalia pembeni. Basi Zipporah akahamishiwa kwa mpwa wa Mama Kabira huko Jeddah. Hakuulizwa.

Alipiga simu mchana mmoja, Japheth akiwa kwenye foleni ya lango la shule.

"Hannah anaendeleaje?" Japheth aliuliza.

"Bado yuko Eldoret. Susan anasema anasoma vizuri. Japheth, dirisha langu linaangalia ukuta wa shule. Ya wasichana. Saa sita wanaita majina, na mimi nazima mashine ya kufua."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nasikiliza tu mpaka wote waishe."

Mlinzi aliita Jawaher Saad. Japheth hakukata simu mara moja. Aliishikilia karibu na dirisha, Zipporah asikie, mpaka jina likaitwa mara ya pili, kisha akasogeza gari mbele.