Sanduku la Marehemu Mouhamadi

Mwaka ule wa 1979, Halimati alipotoka edani, alirudi kuchoma vitumbua kando ya barabara ya Ambanoro, kisiwani Nosy Be, Madagaska. Vilinunuliwa, tena upesi. Lakini vitumbua peke yake vingelisha vipi watoto wanne? Ukoo ukaamua watoto wagawanywe. Zaïtoun, kitindamimba wa miaka sita, aende Mahajanga kwa shangazi yake Echata. Jamani! Halimati alikunja vigauni vya mwanawe huku akilia.

Jirani yake, mzee Kamardine, alimkuta katika hali hiyo. Zamani alikuwa karani wa bima.

"Mbona mumeo Mouhamadi alikuwa na bima ya maisha?" akauliza. "Mimi mwenyewe nilimwandikisha. Karatasi iko wapi?"

"Labda sandukuni. Nalo sanduku nililirudisha kwao Mahajanga siku ya arobaini, na kufuli lake."

"Hukulifungua?"

"Mimi! Nitaonekanaje? Kwetu sanduku la mume hufunguliwa na dada yake."

Desturi yao hiyo, nami siicheki. Ila pamoja na kanzu na kofia, mama huyu alikuwa amerudisha haki ya wanawe.

"Nenda upesi," alisema Kamardine. "Chukua cheti cha kifo na kitambulisho chako. Bima ina muda wake, ukichelewa unaweza kuikosa. Na ukiambiwa kampuni imekufa, usikubali. Ilianzishwa na Wafaransa, ikaungana na nyingine, kisha serikali ikaichukua na kuipa jina jipya. Aliyerithi shamba amerithi na magugu yake. Ahadi za zamani bado ni zake."

Halimati akapanda meli hadi Mahajanga. Wifi yake Echata alimpokea kwa mikono miwili, akafungua sanduku. Karatasi ilikuwa chini kabisa.

"Hii?" Echata alisema. "Wifi yangu, kampuni hii haipo tena. Nilitaka kuwashia jiko!"

"Ipo," alijibu Halimati. "Imebadili jina tu. Twende."

Ofisini, karani alisoma karatasi, akafungua daftari kubwa, akapitisha kidole. Halimati alishika meza kwa mikono yote miwili.

"Mouhamadi yumo," karani akasema. "Na wewe, mkewe, umeandikwa mrithi. Mama, mbona ulichelewa kuja?"

Wiki ya tatu alilipwa. Fedha hizo zilitosha kufungua duka dogo la chakula Ambanoro, na watoto wote wanne kubaki chini ya paa moja. Siku hizi Halimati huwaambia wanawake wenzake: mwulizeni mume karatasi ziko wapi, naye yungali hai.

Siku ile ya kuagana Mahajanga, Echata alimsaidia wifi yake kufunga mizigo. Hakujaliwa mtoto, masikini, na alikuwa amemngojea Zaïtoun kwa hamu. Akaingia chumbani, akatoka amebeba godoro dogo jipya.

"Nilikwisha kumnunulia," alisema, machozi yakimtoka. "Mpelekee akalalie kwa mama yake."