Malaika wa Mama Mkwe

Evaresta mwenyewe hayasimulii haya. Tunaoyasimulia ni sisi majirani zake wa Nyakakika.

Jumamosi ile alikuwa anaanika kahawa uani, jua limewaka vizuri. Binti yake Mackrine, wa miaka sita, alikuwa akicheza na malaika wa plasta, kamfunga mgongoni kwa kanga kama mtoto. Malaika huyo alikuwa wa bibi yake, Kokushubira, aliyezikwa mwezi mmoja nyuma. Watu walipogawana vitu vya marehemu, rozari na sanamu za watakatifu, Mackrine aliomba malaika huyo tu.

Evaresta alimwinua malaika ili afagie. Ilimbidi atumie mikono miwili.

Alicheka. Kisha akamtundika kwenye mizani ya kahawa ya mumewe, Gaudiosus. Kilo nne. Kitu kisichozidi urefu wa kiganja.

Wiki iliyofuata zilikuwa saba. Siku hiyohiyo alimpeleka Mackrine zahanati kwa kuwa alikuwa amelegea. Muuguzi alimpima, akatazama kadi, akampima tena. Mtoto alikuwa amepungua kilo tatu, na ugonjwa haukuonekana.

Gaudiosus hakutaka kusikia habari za uchawi nyumbani kwake, lakini alikubali kumwita katekista Elpidius. Mzee alisali, akamviringisha malaika katika kitambaa, akampakia kwenye baiskeli ampeleke parokiani. Hata mlimani hajafika, Mackrine alianguka mlangoni. Midomo ilimgeuka rangi. Hakuwa anapumua.

Gaudiosus alimkimbilia Elpidius kwa pikipiki. Malaika aliporudishwa mikononi mwa mtoto, pumzi ikarudi.

Basi wakamwacha mtoto na malaika wake. Wangefanya nini? Hospitali ya wilaya ilisema damu ni safi. Elpidius aliendelea kuja kusali, ila hakuthubutu tena kukigusa kile kitu. Kila asubuhi Evaresta alimpikia mwanawe uji wa maziwa, na mtoto aliumaliza wote. Kila jioni alimbeba kumwingiza ndani, akamhisi mwepesi kuliko jana. Malaika alibebwa na Gaudiosus. Mwishowe Gaudiosus naye akashindwa.

"Mwanangu," Evaresta alinong'ona, "anataka nini?"

Mackrine alimsogelea sikioni. "Ni bibi. Anasema kule kuna baridi. Hataki kulala peke yake."

Evaresta alipiga magoti. Alimwomba mama mkwe wake amchukue yeye. Aliomba kwa Kiswahili, akaomba kwa Kinyambo, mpaka sauti ikakauka.

Mtoto alikata roho Jumanne, saa sita mchana, mapajani pa mama yake. Alikuwa mwepesi kama jani kavu la mgomba.

Wanaume walimzika pamoja na malaika, kando ya bibi yake. Evaresta hakufika kaburini. Alibaki ameketi chumbani kati ya wanawake, na hakuna aliyetoka pale.

Jioni aliinuka kwenda kunawa. Jirani yake Mukakalisa akamshika mkono.

"Umembeba mtoto wa nani leo?"

Hakuwa amembeba yeyote. Lakini mgongoni, juu ya gauni lake jeusi, palikuwa na alama mbili za viganja vidogo, za udongo mwekundu, ungali mbichi.

Gauni lile limefuliwa mara tatu. Liko kambani hadi leo, na alama hazijatoka.